Saa Nne ya Usiku na Saa Nne ya Mchana

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, katika mji mdogo wa pwani ulio kaskazini ya Tanga, walibisha hodi nyumbani kwa shangazi yangu vijana watatu wenye kandili, sanduku la bati na daftari kubwa, na saa hiyo ilikuwa saa nne ya usiku, watu wamekwisha kusali Isha na kula, na vyombo vimekwisha kufudikizwa uani. Waliomba damu. Hawakutaka nyingi, walisema, matone mawili matatu tu ya ncha ya kidole, lakini waliitaka usiku ule ule, na kila mtu wa nyumba ile, mkubwa kwa mdogo, aamshwe atoe yake. Shangazi, aliyekuwa amekaa mkekani na mguu wake wa kushoto umefunikwa kwa upande wa kanga kama ilivyokuwa desturi yake mbele ya wageni, aliwatazama kitambo kisha akawauliza swali moja: "Wanangu, damu yangu ya mchana ina kasoro gani hata muitake ya usiku?" Mkubwa wao akajibu kwamba ndivyo walivyoagizwa. Basi shangazi akawashukuru kwa kufika, akawaombea salama ya njiani, na mlango ukatiwa komeo.

Kulipopambazuka mtaa mzima ulikuwa na habari moja, kwamba mumiani wameingia mjini, na wala haikuwa ajabu, maana tangu enzi za wazee wetu watu wa pwani wameishi na hofu ya wale wanaosemekana kutembea usiku wakitafuta damu za wenzao wapate kufanyia dawa, na hapa walikuwa wametokea watu wenye sanduku na sindano, wasio na jawabu. Vijana wale hawakuwa mumiani. Walikuwa wakipima maradhi ya matende, na swali la shangazi lilikuwa na jawabu fupi, zuri na la kweli, ambalo lau wangalilijua, au wangalijali kulisema, mlango usingalifungwa. Mimi nililipata miaka mingi baadaye kitabuni, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtu wa nyumbani akitaka kujihadhari na maradhi yaletwayo na wadudu, yeye na watoto wake na mifugo yake, jambo la kwanza kulijua ni saa: mdudu huyu huuma wakati gani, kimelea hiki hujitokeza wakati gani, na baina ya kuumwa na kuugua mna muda gani. Dawa hufuata nyuma ya hayo.

Jawabu lenyewe ni hili. Minyoo wa matende na mabusha, wembamba kama uzi wa kushonea, hukaa katika mishipa ya majimaji ya mwili, majike kwa madume, wakazaa watoto wasiohesabika, wadogo mno wasioonekana ila kwa hadubini. Watoto hao mchana kutwa hujificha katika mishipa ya mapafu, na usiku, mwenye mwili akiisha kulala, hutoka wakaja katika damu iliyo karibu na ngozi, wakawa wengi kupita wakati wote baina ya saa nne na saa nane za usiku. Hufanya hivyo kwa kuwa mbu anayewachukua hapa kwetu, hususan yule wa kahawia azaliwaye katika mashimo ya vyoo na maji machafu, huuma usiku, na mtoto wa mnyoo asiyekuwapo ngozini saa ile mbu amefika hana njia nyingine ya kuingia katika mwili wa mtu wa pili. Ukimtoboa mgonjwa kidole saa nne ya asubuhi waweza kukitazama kioo mpaka macho yakuume usione hata mdudu mmoja, ukamwambia ni mzima. Mtoboe mtu yule yule saa nne ya usiku, utawaona wakijinyonganyonga kioo kizima.

Aliyetutangulia katika kuyajua haya ni tabibu wa Kiskoti, Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi katika bandari ya Amoy huko Uchina. Mwaka 1877 aliwaachia mbu wamuume mtunza bustani wake, ambaye alikwisha kumjua kuwa ana minyoo hao, kisha akawapasua mbu wale mmoja mmoja akawaona watoto wa minyoo wakikua miilini mwao, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mdudu arukaye kuthibitishwa kuwa ni mlezi wa maradhi ya mwanadamu. Baadaye akawaweka wasaidizi wake wawili wakitazama damu, mmoja mchana na mwingine usiku, na yule wa usiku ndiye aliyeona mengi. Mwaka 1881 tabibu mwingine, Stephen Mackenzie, alimgeuzia mgonjwa wake huko London saa za kulala, akamlaza mchana na kumkesheza usiku. Haukupita muda mrefu minyoo nao wakageuza, wakawa wanatoka mchana. Hili la pili, msomaji, lishike vizuri, hasa ukiwa ni mlinzi wa usiku, au mvuvi, au mwoka mikate, kwani mtu ambaye kazi yake humlaza mchana hana budi kumwambia mpimaji kabla ya kutoa kidole, la sivyo atapimwa kwa saa za watu wengine.

Basi siku watafiti watakapobisha hodi kwako, kwa damu au kwa choo au kwa kutaka kuwatazama ng'ombe wako, mimi nakushauri usiwafungie mlango kama shangazi, na wala usiufungue tu kwa sababu wana koti jeupe na gari. Wakaribishe wakae, uwaulize. Wanatafuta maradhi gani. Damu ni kiasi gani, na kwa nini saa hii. Itapelekwa wapi, nayo itatunzwa au itatupwa ikiisha kutazamwa. Jawabu langu nitalipata lini, na nikionekana ninayo maradhi nani atanitibu na kwa gharama ya nani. Mtafiti wa haki hukasirishwa na maswali haya mara chache sana, kwa kuwa yote ameyajibu kwa maandishi mbele ya kamati ya maadili kabla ya kupewa ruhusa ya kuanza, na karatasi ya ruhusa hiyo anayo mkobani. Tanzania Bara inakohusika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Kenya iliko taasisi mwenzake, KEMRI, ambazo zote mbili zimeundwa kwa sheria za mwaka 1979, hakuna utafiti wa binadamu unaopaswa kuanza bila ya kibali cha maadili, na karatasi unayotakiwa kutia sahihi au dole gumba lazima isomwe kwa lugha unayoifahamu, na nakala yake ibaki kwako. Ihifadhi nakala ile pamoja na vyeti vya watoto. Ina nambari ya simu ya kuuliza, na siku ukihitaji kuuliza hutakumbuka sura ya mtu aliyekuja.

Una ruhusa ya kukataa, na ukikataa hunyimwi matibabu uliyokuwa ukiyapata zahanati. Una ruhusa hata ya kukubali leo na kujitoa kesho. Kisindano na kifunguliwe mbele ya macho yako, kikitumika kitiwe katika kisanduku kigumu, kisiguse kidole cha mtu mwingine. Nawe kwa upande wako una wajibu wa kutimiza, ambao ni kusema kweli: umekunywa dawa gani wiki hizi, umelala wapi, umesafiri wapi. Nimewajua watu waliomeza dawa za malaria asubuhi, jioni wakamficha mpimaji kwa kuona haya, na jawabu wakapewa la uongo waliloliandaa wenyewe. Aidha wakija mchana kwa ajili ya matende usidhani wamekosea saa, kwani siku hizi kipo kipimo kinachotambua athari za minyoo wakubwa damuni, nacho hakijali jua wala mwezi.

Wakija na dawa zenyewe, zile za kugawiwa watu wote, jambo linaloudhi wengi ni kuletewa tena mwakani. Ugawaji huo ulianza kisiwani Mafia mwaka 2000, na Unguja na Pemba mwaka 2001, kwa vidonge vya aivamektini na albendazo, na muradi wa kurudia kila mwaka ni kwamba vidonge huwafagia watoto wa minyoo damuni lakini wazazi wao aghalabu hubakia hai kwa miaka, wakaendelea kuzaa. Anayemeza mwaka mmoja akaacha ni kama aliyefagia uwanja chini ya mwembe mara moja, akashangaa majani kesho yake. Kijiti kile cha kupimia urefu ndicho kinachoamua idadi ya vidonge vyako; mja mzito hapewi, wala mtoto asiyefika alama ya chini, na mwenye mimba changa aliyeficha habari yake hafai kuona haya siku hiyo.

Sasa nageukia saa nne ya mchana. Watafiti wa kichocho, ashakum si matusi, hutaka mkojo, nao wakiwa wanaijua kazi yao wataomba uliotoka baina ya saa nne za asubuhi na saa nane za mchana, yaani saa zile zile za matende, ila zimepinduliwa. Wakati huo ndipo mayai ya minyoo wa kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi, na akili ya jambo hili utaiona ukisimama kando ya bwawa au kijito wakati wa adhuhuri: watoto wametoka shule, jua kali, wamejitupa majini, na majini humo humo hukojoa. Yai likigusa maji baridi yenye mwanga huanguliwa, kijidudu chake kikamtafuta konokono. Na konokono aliyekwisha kuambukizwa naye huvitoa vijidudu vya namna ya pili, vitobovyo ngozi, kwa wingi katika saa hizo hizo za jua. Kwa hiyo mama anayemkataza mwanawe asioge mtoni asipoteze nguvu zake kwa kukataza mwaka mzima na siku nzima, akashindwa. Na azuie kwanza adhuhuri, kwa ukali wote alio nao, halafu ajitahidi kwa saa zilizobaki. Na asiyekuwa na maji mengine ghairi ya yale ya bwawa, ayateke ayaweke katika pipa lenye kifuniko kwa siku mbili kamili kabla ya kuyaogea, konokono asiwemo, kwani vijidudu vile vikikosa ngozi ya kuingia havimalizi siku hizo mbili.

Kuhusu mbu wa malaria watu wamekwisha kuambiwa mengi, na mimi sitayarudia ila lile linalohusu saa. Nimepata kuona jinsi saa hizo zilivyojulikana. Mtu aliyekubali kazi hiyo, naye amepewa dawa ya kujikinga, hukaa kwenye kigoda tangu saa kumi na mbili za jioni, suruali ameikunja mpaka magotini, tochi mkono mmoja na kibomba cha kunyonyea mkono wa pili, na kila mbu anayetua mguuni humnyonya kabla hajauma, akampulizia katika kikombe cha karatasi kilichofunikwa kitambaa cha chandarua. Kila saa ina kikombe chake. Alfajiri vikombe kumi na viwili hupangwa mezani, na hata asiyejua kusoma huona kwa macho yake kwamba vile vya usiku wa manane vimejaa. Ndiyo maana chandarua kina maana; mbu mashuhuri wa malaria, anofelesi gambie, huuma sana watu wakiwa wamezama usingizini.

Lakini mbu naye hubadilika. Watafiti wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, walionyesha kwamba baada ya vyandarua kuenea, sehemu ya kuumwa kunakotokea nje ya nyumba iliongezeka kuliko ilivyokuwa zamani, na sisi watu wa pwani tunaopenda kukaa barazani baada ya Isha tukinywa kahawa na kupitisha habari tungefaa kulitafakari hilo. Sisemi baraza zivunjwe. Nasema suruali ndefu au kikoi kifike kifundoni, dawa ya kupaka iwe karibu na buli la kahawa, na watoto wadogo, ambao habari za barazani haziwahusu, wawe ndani ya chandarua tangu saa mbili. Wala chandarua hakikingi yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, mbu wa dengue, homa ambayo huenda ndiyo wazee wa Zanzibar waliyoiita kidingapopo, na wa chikungunya, maradhi yaliyotambuliwa kwanza katika uwanda wa juu wa Makonde mwaka 1952 na 1953 na kupewa jina la Kimakonde kwa jinsi yanavyompinda mtu. Huyo huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, na huzaliwa katika maji safi ya vifuu, makopo na magurudumu yaliyotupwa nyuma ya nyumba. Dawa yake ni kuzunguka ua siku moja kila wiki, kwa kuwa kutoka yai mpaka mbu arukaye hupita kiasi cha wiki moja au zaidi kidogo; mimi huzunguka Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga kwenda msikitini, na mjukuu wangu hupata senti kwa kila kifuu alichokifudikiza.

Kwa yule mbu wa vyooni, mwenye matende yake, kuna habari ya Makunduchi, kisiwani Unguja, ambayo ningependa ijulikane kuliko inavyojulikana. Mwaka 1988 Christopher Curtis wa London na wenzake, pamoja na wenyeji wa Zanzibar, walimwaga katika mashimo yote ya vyoo yenye maji katika mji ule punje nyeupe za polistairini, zile zile zinazojazwa katika maboksi ya vyombo visivunjike. Punje hununuliwa zikiwa ndogo sana. Zikitiwa katika maji yanayochemka huvimba, zikawa nyepesi kama bisi. Zikimwagwa shimoni hufanya blanketi juu ya maji, unene wake kiasi cha upana wa kidole, na mbu jike akija kutaga hapati maji, na kiluwiluwi kilichomo chini kikipanda kuvuta pumzi hukuta paa. Kinyesi hupita katikati yake, punje zikajikunyata tena. Watu wakapewa na dawa za minyoo kwa pamoja, na waliokuwa na watoto wa minyoo damuni wakashuka kutoka karibu nusu ya watu hadi mmoja hivi katika kumi, na blanketi lile likadumu kwa miaka pasipo kumwagwa dawa yoyote ya sumu. Angalia tu kwamba punje hazifai katika shimo kavu, ambako mbu huyo hazaliani, wala pale ambapo mafuriko huinua maji yakamwagika nje. Na mwenye choo cha bomba la hewa avike kinywa cha bomba wavu mzuri.

Nimesema na mifugo, na sipendi wafugaji wadhani nimewasahau, kwa maana huko ndiko kujua muda kunakoleta faida ya fedha. Ndigana kali, maradhi ambayo vitabu vya Kizungu viliyapa jina la pwani yetu ya mashariki baada ya ng'ombe waliotoka huku kuyapeleka kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, huletwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa ndani ya sikio. Kupe huyo akimng'ang'ania ng'ombe leo hamwambukizi leo. Vimelea vilivyomo katika tezi za mate yake hulala, vikaamshwa na joto na damu ya mnyama, na mpaka viive hupita siku tatu au nne. Hapo ndipo hesabu yote ya josho ilipotoka: ukiogesha kila wiki umewapunguza, na wakati wa masika, kupe wanapokuwa wengi, mara mbili kwa wiki, ili asipatikane kupe aliyekaa siku nne kwa raha zake. Na mwenye ng'ombe wawili, asiye na josho karibu, kila baada ya siku moja jioni awashike masikio, atie vidole mpaka ndani, apapase chini ya mkia na penye kiwele, amng'oe kila kupe anayemkuta na kumtia katika kopo la mafuta ya taa. Ni kazi ya robo saa. Nimemwona jirani yangu akiifanya huku anazungumza na ng'ombe wake kwa jina, na katika miaka sita hajapoteza ndama.

Ndama akiwa mzito wa kula, mpapase chini ya sikio na mbele ya bega: ukikuta tezi imevimba kama kokwa la embe, na mwili una moto, usingoje akohoe wala atoke povu puani, kwani dawa ya buparvakwoni hufaa sana siku za mwanzo na haifai kitu mapafu yakisha kujaa maji. Ipo chanjo pia, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, ambayo ajabu yake ni kwamba mnyama hupewa ugonjwa wenyewe ulio hai, uliohifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni, na papo hapo hudungwa dawa ya kuuzuia usimshinde. Akipona amekingwa kwa maisha yake, naye huvishwa hereni sikioni. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini ya Tanzania wameichanja mifugo mingi kwa njia hii, na ndama mwenye hereni mnadani huwa na bei yake. Ila hereni haimkingi na ndigana baridi wala maji moyo, na aliyeacha josho kwa kutegemea hereni amejidanganya.

Kuna na mdudu ambaye watafiti walimshinda kwa kuijua saa yake ya kuolewa. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na mtoto humzaa mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Katika kisiwa cha Unguja, baada ya kuwapunguza kwa kuwapaka ng'ombe dawa, walifugwa mbung'o katika maabara ya Tanga kwa kulishwa damu ya machinjioni, madume yakapigwa miale ya kuyatoa uzazi, na tangu mwaka 1994 yakawa yanatupwa kutoka ndege ndogo, yamo katika maboksi ya karatasi, yakapita milioni nane kwa jumla. Jike aliyekutana na dume la boksi alikuwa ameolewa na hazai tena. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na nagana, maradhi ambayo mdudu huyo huyaleta kwa mifugo, ikaondoka kisiwani. Hapa ushauri wangu ni mwepesi: ukiambiwa kwamba wadudu watamwagwa, usicheke wala usipige mayowe, uliza madume au majike, na ukikuta porini kitambaa cha buluu na cheusi kimetundikwa mtini, kiache, ni mtego wa mbung'o, ambaye hupenda rangi hizo, na shuka utakayoishona kwa kitambaa kile utakuja kuivaa kwa majuto siku utakayopita pori lenye malale.

Na zipo saa zinazohesabiwa kwa miaka. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kandokando ya ziwa Naivasha mwaka 1930 na 1931 katika kondoo waliokuwa wakitupa mimba, huweza kulala ndani ya mayai ya mbu katika udongo mkavu wa mabonde, mwaka baada ya mwaka, mpaka ije mvua isiyo ya kawaida iyafurikishe mabonde hayo. Hivyo ndivyo ilivyozuka mwaka 1997 na 1998, na tena 2006 na 2007, ikaua watu na mifugo Kenya, Somalia na Tanzania. Basi mvua ikizidi kipimo, na kondoo wako wakaanza kutupa mimba kwa mkupuo, usiwazalishe kwa mikono mitupu, usichinje mgonjwa, usinywe maziwa mabichi, na umwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Nimebakiza jambo moja, linalomhusu mwenye mguu uliokwisha kuvimba, maana watafiti hutafuta minyoo na wagawaji hugawa vidonge, naye hubaki na mguu wake chini ya kanga. Dawa za minyoo haziurudishi mguu ulivyokuwa, lakini homa zile kali zinazourudia na kuuongeza unene huletwa kwa sehemu kubwa na uchafu unaoingia katika mipasuko midogo ya ngozi, na hizo zazuilika nyumbani. Kila jioni, beseni la maji ya kawaida na sabuni ya kipande. Uanze gotini ushuke, kwa kitambaa laini, mpaka baina ya vidole na ndani ya kila mkunjo. Usuuze mpaka maji yatoke meupe. Ukaushe kwa kugusagusa bila kusugua, na baina ya vidole upitishe ncha ya kitambaa kikavu. Penye mpasuko upake dawa ya vidonda. Kisha ukilala uuweke mguu juu ya mto, na mchana ukikaa usiuning'inize. Mwenye busha yeye na aende hospitali, kwa kuwa hupasuliwa akapona. Shangazi aliishi na mguu wake miaka thelathini, homa ikimjia kila masika, akilala siku tatu na shuka mpaka kichwani, na sisi watoto tukiamrishwa tusipige kelele uani. Beseni lilikuwapo, limening'inizwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, na sabuni ilikuwapo dirishani.